Senti Kumi na Beti Nne

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1986, saa mbili na robo asubuhi. Baridi. Ukungu umeufunika Mlima Sagalla hadi kiunoni, na upepo unavuma kutoka upande wa mashamba ya mkonge. Hakuna mvua.

Wakio alichutama nyuma ya kibanda cha kusagia cha Kikundi cha Akina Mama wa Kaloleni, mjini Voi, akaisugua senti kumi kwa majivu mpaka ikang'aa kama kifungo kipya cha askari. Aliibana kwa koleo, akafungua koki, akaishika mbele ya mdomo wa mpira wa gesi. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini.

Wimbo ndio uliokuwa saa yake. Kikundi kilikuwa kimekubaliana kwamba sarafu ikae kwenye gesi kwa muda wa wimbo mmoja wa kanisani, beti zote nne, bila kuruka kiitikio. Sarafu ikibaki ya manjano, gesi ni safi na inaruhusiwa kuingia katika injini. Ikigeuka nyeusi, gesi ina kiberiti, yaani salfa, na kiberiti hula shaba.

Katika ubeti wa pili sarafu ilipata doa. Katika ubeti wa tatu ilikuwa nyeusi kama mbegu ya papai. Wakio hakuufikia wa nne. Pua yake ilikuwa imeshatoa hukumu: mayai viza.

"Umeacha wimbo njiani," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Lois, mwenyekiti wa kikundi, amevaa kitambaa cheupe kichwani na viatu vya kwenda kanisani. Lois alikuwa pia mama mzazi wa Wakio, lakini ndani ya ua wa kinu jambo hilo halikutajwa. Wakio alimwita Mwenyekiti, naye alimwita Fundi. Nyumbani waliendelea kuitana mama na mwanangu, hasa wakati wa kula.

"Imekuwa nyeusi, Mwenyekiti."

Lois aliichukua sarafu, akaigeuza, akaitazama pande zote mbili kwa haki. "Juzi ilikaa beti nne bila doa."

"Juzi ilikaa nyimbo sita."

"Leo je?"

"Leo sijui."

Lois alitazama ng'ambo ya ua. Pale, tangu alfajiri, lilikuwa limeegeshwa lori kutoka Bomeni, kule Taveta. Dereva wake, Noah, alikuwa ameketi juu ya boneti akinywa chai ya watu ambao alikuwa amekuja kuwanyang'anya injini. Turubai lilikuwa tayari. Kamba nne zilikuwa tayari.

"Bwana DO anafika saa nne," Lois alisema. "Unajua tulichoandika."

Wakio alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekiandika. Miaka miwili nyuma, alipotoka chuo cha ufundi, aliwashawishi akina mama wajenge tangi la gesi na kulilisha samadi kutoka zizi ambamo ng'ombe husubiri treni ya kwenda Mombasa. Wakati huo walipeleka mahindi yao ng'ambo ya mji, kwenye mashine iliyosaga tu siku ilipopata dizeli. Gesi ilipatikana nyingi, na injini ya kwanza ikanguruma. Baada ya miezi minne ilikohoa, ikapiga kelele moja, ikakwama. Fanuel, kaka yake Lois, aliifungua. Bushi zake za shaba, zile pete zinazoshika mhimili, zilitoka zimeliwa, nyeusi, zikimeguka kama maandazi ya juzi.

Injini ya pili ilikuwa ya kuazimwa kutoka ofisi ya maendeleo. Sharti lilikuwa fupi: ifikapo Juni 14 iwe inasaga kwa gesi mbele ya mgeni rasmi, yaani DO, ofisa wa serikali wa tarafa, la sivyo iende kwa akina mama wa Bomeni, ambao hawakuwa na tangi lakini walikuwa na dizeli. Lois aliongeza sharti lake mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kulipinga: injini haitawashwa hata kidogo ikiwa sarafu ni nyeusi. "Tumeua moja," alisema siku hiyo. "Hatuui ya pili kwa ajili ya kupigiwa makofi."

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: sarafu ya manjano, injini inabaki Kaloleni. Sarafu nyeusi, kamba nne za Noah.

Fanuel alifika akiburuta mguu wake wa kushoto, ule ulioangukiwa na chuma cha reli. Alikuwa amechochea moto wa magari moshi ya mvuke kwa miaka ishirini na mitatu, na reli ilipoagana na mvuke, yeye hakuagana nao. Alinusa hewa, akakunja pua.

"Mtu amevunja trei ya mayai?"

"Ni gesi, mjomba. Chujio halinasi kitu."

"Haliwezi kukosa kunasa. Makaa hayo niliyapika mimi."

Chujio lilikuwa pipa moja refu lililojaa vipande vya makaa vyenye ukubwa wa punje ya mahindi. Gesi iliingia chini, ikapanda katikati ya makaa, ikatoka juu. Wakio alikuwa amelipata wazo hilo katika daftari lake la chuo: kipande cha makaa ni nyumba yenye vyumba vingi kuliko mji wa Voi, na kuta zake hunasa kiberiti kama mwiba wa mgunga unavyonasa shuka. Mara ya kwanza walitumia makaa ya kawaida, na yalichoka kabla ya nusu saa. Fanuel ndiye aliyesema kwamba vyumba havijafunguliwa milango. Aliyatia makaa katika bomba la chuma, akayachoma mpaka yakawa mekundu, kisha akayapitishia mvuke mkali. "Mvuke huingia popote," alisema. "Mimi umeniingia hadi kwenye magoti." Makaa yaliyotoka katika bomba hilo yalikuwa mepesi kama popo, nayo yalisafisha gesi kwa muda wa saa nne.

Sasa yalikuwa yameshindwa kumaliza wimbo mmoja.

Wakio alipitia kila kitu kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Mpira haukuwa umetoboka. Kifuniko kilikaza. Gesi haikupita pembeni. Makaa yalikuwa yale yale ya Fanuel, yaliyokaa katika magunia mawili tangu Alhamisi. Yeye mwenyewe aliyapakia alfajiri kwa mwanga wa taa. Pipa lilikuwa zito kidogo kulinyanyua, lakini aliona ni uchovu.

"Basi makaa ni mabovu," Noah alisema kutoka juu ya boneti. Hakuna aliyemuuliza. "Makaa ya Miasenyi. Kule barabarani wanauza hata mawe yaliyopakwa masizi."

Katika foleni ya wanawake waliokuwa wameketi juu ya magunia yao ya mahindi, mmoja alisimama. Alikuwa Mumbe, Mkamba mrefu mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alikuwa amedandia lori la chumvi kutoka Miasenyi usiku uleule ili kusaga debe mbili na kuyaona makaa yake yakitazamwa na serikali.

"Wewe wa boneti," alisema. "Makaa yangu umeyatajia nini?"

"Nimesema tu, mama."

"Umesema tu. Mimi sikati mti hata mmoja. Ndovu wa Tsavo huangusha mgunga, nami huuchoma ukiwa mkavu mwaka mzima. Mke wako akipika kwa makaa yangu, maharage yanaiva kabla hujamaliza kusema uongo."

Foleni ilicheka. Noah alishuka kwenye boneti, kwa kuwa mtu akiwa juu ya boneti hawezi kuchekwa kwa heshima.

"Nifungulie hilo pipa," Mumbe alimwambia Wakio.

Wakio alifunga koki, akasubiri gesi iishe, akafungua kifuniko. Mumbe alichota makaa kiganjani. Hakuyatazama. Aliyapimapima kama mtu anayepima uzito wa kifaranga. Kisha akachagua vipande viwili vikubwa zaidi, akavigonganisha karibu na sikio la Wakio.

"Unasikia nini?"

"Tuf."

"Makaa makavu husemaje?"

Wakio alikuwa amesoma mengi kuhusu makaa, lakini hakuwahi kuyasikiliza.

Mumbe aliingiza mkono katika pindo la kanga yake, akatoa vipande viwili alivyokuwa amevileta kama mfano, akavigonga. Vililia kama kijiko kikigonga kikombe cha kioo. "Haya yamelala njaa," alisema. "Hayo yako yamekunywa maji hadi kooni. Aliyeshiba maji utamlisha nini tena?"

"Lakini hayakunyeshewa," Fanuel alisema. "Tangu Alhamisi hakuna mvua."

Hapo ndipo Wakio aliutazama ua kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Mawe yote ya njiani yalikuwa yamepakwa chokaa. Miti mitatu ilikuwa imepakwa chokaa hadi magotini. Sufuria zilizopangwa jikoni ziling'aa mpaka zikaumiza macho. Pipa la chujio lilikuwa na rangi mpya nyeupe, bila alama hata moja ya kidole cheusi. Voi nzima ilijua kwamba mgeni wa serikali akija, kila kisichotembea hupakwa chokaa na kila kinachoshikika huoshwa.

Aligeuka taratibu. "Mwenyekiti," alisema. "Jana mchana nilipokuwa mjini kutafuta mafuta ya injini, mliosha nini?"

Lois alinyoosha kitambaa chake, ingawa kilikuwa kimenyooka. Wanawake watano katika foleni walianza kutazama mahindi yao kwa makini.

"Tuliosha kila kitu," Lois alisema.

"Na makaa?"

"Yalikuwa na vumbi." Kisha akalisema lililobaki waziwazi, kama alivyosoma kumbukumbu za mkutano. "Yalikuwa yanachafua rangi ya pipa. Nikasema, Bwana DO atafunuliwa chujio aone masizi? Tuliyaosha katika karai kubwa, maji matatu. Tukayaanika kwenye upepo ule wa alasiri. Jioni yalikuwa makavu, nikayarudisha magunini. Nilioga mimi mwenyewe mara mbili baadaye."

"Makavu nje," Mumbe alisema.

"Sabuni mlitia?" Fanuel aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Sabuni ilikuwa imeisha kwenye madirisha."

"Mungu ni mwema," Fanuel alisema.

Lois alikuwa amekiongoza kikundi hicho miaka tisa bila kukosea hadharani. Alisimama wima mbele ya watu arobaini na dereva mmoja wa Bomeni, na kidevu chake hakikushuka, lakini mikono yake ilitafuta mahali pa kukaa ikakosa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Huyu hata hajafika, nami nimeshauua mtambo."

Wakio alihisi hasira ikija, ikakuta kitu kingine kimetangulia. Alikumbuka lile pipa lilivyokuwa zito alfajiri. Mikono yake ilikuwa imemwambia, naye akasema ni uchovu. Alikumbuka pia kwamba katika mikutano yote aliwaeleza akina mama kuhusu kiberiti, shaba na vitundu vya makaa, lakini hakuwahi kutamka maneno mawili: yasiguswe maji.

"Mama," alisema, na foleni nzima ilisikia kwamba hakusema Mwenyekiti. "Makaa hayajafa. Yamelewa tu. Tukiyakausha ndani, yatafanya kazi."

"Kwa jua hili?"

"Kwa moto. Ndani ya sufuria yenye kifuniko, ili yasishike moto. Mvuke ukiisha kutoka, yamekauka."

"Pipa zima?" Fanuel alihesabu kwa midomo. "Bomba langu litachukua hadi kesho. Ungehitaji sufuria thelathini na meko thelathini."

Lois aliinua kichwa. Mikono yake ilikuwa imepata kazi. Alipiga makofi mara mbili, na sauti ya mwenyekiti ikarudi mahali pake. "Akina mama, mmesikia. Sufuria zilizooshwa jana zote, na kila mmoja wa mtaa huu akalete yake. Zile kuni za kuchemshia chai ya wageni, leteni. Noah, wewe una mikono mirefu, beba mawe."

"Mimi nimekuja kuchukua injini, mama."

"Utabeba mawe kwanza. Yaliyo na chokaa ndiyo mazuri, yamelingana."

Kabla ya saa tatu na nusu mawe meupe yote ya njiani yalikuwa yameng'olewa na kugeuzwa mafiga. Sufuria ishirini na sita zilikaa juu ya moto katika mistari minne. Mvuke ulipanda chini ya vifuniko, na ua ukanukia kama kufulia nguo. Wanawake walikaa wakitikisa sufuria, kila mmoja na yake, wakishindana.

"Nimekaanga njugu, nimekaanga kahawa, nimekaanga hata mchwa," mmoja alisema. "Makaa ni mara ya kwanza."

"Ukishika mimba nyingine utayatamani."

"Yangu yameacha kutoa moshi. Niepue?"

"Ule ni mvuke, si moshi," Fanuel alisema, akipita kati ya mistari na mguu wake kama mkaguzi wa reli. Alikuwa na furaha ambayo Wakio hakuwa ameiona tangu magari ya mvuke yaondoke. Kila sufuria aliinamia, akasikiliza, akasema "bado" au "inatosha". Inayotosha iliepuliwa ikiwa imefunikwa vilevile, ikapelekwa kivulini ipoe, kwa kuwa makaa ya moto hayakutanishwi na gesi na mtu mwenye akili. Mumbe alikaa kivulini huko. Kila sufuria iliyopoa aliifunua, akachukua vipande viwili, akavigonga. Zilizolia tuf alizirudisha motoni. Noah ndiye aliyezibeba, kwenda na kurudi, naye alianza kubishana na Mumbe kuhusu mlio, kisha akaanza kukubaliana naye, na mwishowe akawa anagonga mwenyewe.

Saa nne na dakika tano gari la Bwana DO liliingia. Alikuwa kijana mwenye soksi ndefu, na alikuwa ametoka Wundanyi bila kifungua kinywa. Aliona mistari minne ya sufuria, akatabasamu kwa uungwana, akasema kwamba kwa kweli akina mama walikuwa wamejisumbua mno. Kabla mtu hajamzuia aliinama, akafunua sufuria iliyokuwa karibu naye. Alitazama makaa. Akafunika polepole.

"Yamebakiza kidogo," Lois alimwambia bila kupepesa. "Keti, mwanangu. Utapewa ndizi."

Alipewa ndizi, akazila tatu, akaelezwa kila kitu na Lois mwenyewe, pamoja na kosa lenyewe na jina la mkosaji. Aliuliza maswali mazuri. Hakutazama saa yake hata mara moja, jambo lililoandikwa baadaye katika kumbukumbu.

Saa saba na dakika kumi Wakio alifunga kifuniko cha pipa. Safari hii alilinyanyua peke yake, mkono mmoja kwenye mshikio na mmoja chini. Fanuel alifungua koki. Lois alitoa senti kumi nyeusi mfukoni mwake, akachutama na viatu vyake vya kanisani, akaisugua kwa majivu yeye mwenyewe mpaka ikang'aa. Kisha akamkabidhi Wakio.

Wakio aliishika kwa koleo mbele ya mdomo wa mpira, akafungua kinywa aanze wimbo. Hakupata nafasi. Foleni yote ilianza kabla yake, sauti ya kwanza na ya pili, na Fanuel akaingia chini na besi yake ya kuchochea makaa. Ubeti wa kwanza. Sarafu ilikuwa ya manjano. Ubeti wa pili, ya manjano. Katika wa tatu mtu alijaribu kuharakisha, na Lois akamtuliza kwa kiganja, kwa kuwa sharti ni sharti. Wa nne waliuimba polepole kuliko nyimbo zote walizowahi kuimba, na kiitikio wakakirudia mara mbili bila kuombwa. Wakio alinusa. Ilinukia chokaa, ndizi na jasho la watu. Hakukuwa na yai.

Alimwonyesha Bwana DO sarafu. Ilikuwa ya manjano kiasi kwamba aliweza kusoma mwaka wake.

Fanuel aliiamsha injini kwa kijiko kimoja cha petroli, kisha akageuza koki ya gesi. Ilisita kidogo, ikameza, ikashika. Mlio wake ulikuwa laini na wa kulingana, na bomba lake la moshi halikutoa moshi. Lois aliingia ndani ya kibanda, akatazama foleni yote, akaita jina la mtu aliyetoka mbali kuliko wote. Debe mbili za Mumbe zilikuwa za kwanza kuingia kinuni.

Unga wa kwanza ulipoteremka, Mumbe aliupokea kwa mikono yake myeusi, akauonja. "Umechelewa," alisema, "lakini umefika."

Injini ilisaga hadi saa kumi na moja jioni bila kusimama. Sarafu ilijaribiwa kila nusu saa, na watu wakaishiwa nyimbo wakaanza upya.

Yaliyofuata ni haya. Bwana DO aliandika mstari mmoja katika faili lake, kwamba injini ibaki Kaloleni, akarudi Wundanyi na mfuko wa unga. Mumbe alipanda lori la jioni hadi Miasenyi, na tangu wiki ile alitenga mgunga mgumu kwa ajili ya kinu na kuuweka juu ya mbao, mbali na umande. Fanuel alijenga bomba la pili la mvuke, kubwa kuliko la kwanza, akalala mchana siku mbili. Noah alikunja turubai lake, akafunga kamba zake, akarudi Bomeni bila injini. Alichukua gunia la makaa yaliyokauka, vipimo vya tangi vilivyoandikwa kwenye karatasi, na vipande viwili vya kugonga. Wanawake wa mtaa walirudisha mawe njiani, upande wenye masizi ukiwa chini. Wakio aliandika kwa rangi nyekundu kwenye pipa: YASIGUSWE MAJI. Lois alisoma maneno hayo, akaagiza yaandikwe makubwa zaidi, kisha akaenda nyumbani kumpikia binti yake ugali.